Mwaka wa Miguu Safi

Kila jioni, kabla ya kula, baba alikagua miguu yetu. Tulisimama karibu na mafiga, mimi na dada yangu, mtoto wa marehemu baba mkubwa aliyelelewa kwetu, tukapandisha magauni mpaka magotini, tukageuka ili mwanga wa moto uangukie vigimbi. Baba hakutafuta matope. Alitafuta mistari ya fimbo. Akiiona alisema, "Haya, leo mmefundishwa," tukakaa kula. Asipoiona alifungua mkanda wake.

Nayasimulia haya kwa sababu siku hizi vijana wa chuo wananifuata hapa kwangu Soweto, mjini Mbeya, na karatasi zao za maswali. Wamesikia nilikuwa mwalimu. Wanataka kujua kama mtoto anaweza kujifunza kwa michezo, na wanauliza kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Nawaambia anaweza, tena upesi kuliko wanavyodhani, ila kwanza waniulize aliyeshindwa mchezo alilipa nini. Hapo wanatazamana. Na mimi hasira inanipanda, maana karatasi zao hazina nafasi ya jibu hilo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye vilima vya Kilolo, upande wa Iringa. Shule yetu ilikuwa ya misheni, ya udongo na nyasi, na baridi ya mwezi wa sita ilipita kwenye kuta zake bila hodi. Mwanzo wa kila mwaka wazazi walileta mchango wao, nao ulikuwa fito. Kila baba alikata mianzi myembamba kwenye kichaka chake, kile kile alichogemea ulanzi, pombe ya mianzi, akaipitisha motoni isivunjike upesi, akaifunga kwa gome na kuipeleka shuleni huku mtoto wake akimfuata nyuma. Mwalimu mkuu alipokea mzigo, akakunja ufito mmoja kuupima. Baba alisema maneno ambayo kila baba aliyasema: "Nyama ya kwako, Mwalimu. Mifupa utanirudishia."

Mizigo ile ilisimama kwenye kona ya darasa, na kila mtoto alijua wa kwao. Ukikosea, hukuchapwa kwa fimbo yoyote tu. Ulikwenda mwenyewe konani kuchomoa ufito wa baba yako, ukampelekea mwalimu kwa mikono miwili. Ukichomoa wa baba wa mwenzako ulihesabiwa mwizi, na mwizi alikuwa na adhabu yake. Wazee walisema elimu haiingii mwilini bila kufungua mlango. Mtoto aliyerudi nyumbani na ngozi nzima alikuwa hajafunguliwa kitu.

Mwalimu mkuu aliwafungua wengi. Aliandika hesabu ubaoni kwa mkono wa kulia na kuchapa kwa mkono wa kushoto, asipoteze wakati. Nilimwona akimvunja mvulana mmoja kidole kwa sababu ya kugawanya. Nilimwona akimpiga msichana mpaka akajikojolea, kisha akampiga tena kwa kuchafua sakafu ambayo yenyewe ilikuwa udongo. Tulimwogopa hata sauti ya viatu vyake, na katika woga ule nilikariri mengi ambayo sikuyaelewa hata kidogo.

Tulipoingia darasa la tatu tulikuwa wengi, tukagawanywa mikondo miwili. Mmoja akauchukua mwalimu mkuu. Wetu akapewa kijana aliyetoka chuo cha ualimu kule Mbeya, Mnyakyusa mwembamba mwenye koti lililomzidi mabega. Siku ya kwanza aliitazama ile mizigo ya fito kwa muda mrefu. Kisha akaomba panga, akakaa kizingitini, akaanza kuzikatakata vipande vifupi vya urefu wa kidole. Tulidhani amerukwa na akili. Ufito wa baba ulipofika chini ya panga lake nilifumba macho.

Vile vipande vikawa vijiti vyetu vya kuhesabia. Alituambia waziwazi, kama mtu anayezungumza na watu wazima, kwamba mwalimu wake wa chuo, Mzungu, alikuwa anafanya uchunguzi. Alitaka kuona kama watoto wanaofundishwa kwa michezo wanaweza kuwafikia wanaofundishwa kwa fimbo. Mwisho wa mwaka angekuja kutupima sisi na wale wa mkondo wa pili. "Mimi nimeapa," mwalimu alisema. "Nikimgusa hata mmoja wenu kwa fimbo, uchunguzi umeharibika, na mimi naondoka. Mambo yakienda sawa nitabaki nanyi mpaka mtihani wa darasa la nne."

Mtihani ule ndio uliochuja watoto. Wachache walipita kwenda shule ya kati, waliobaki walirudi kwenye jembe na pareto. Baba alikuwa ameshasema kwamba dada akifaulu atakwenda. Ahadi hiyo alimpa kaka yake kabla hajafa, na baba hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Dada alikuwa na akili kunizidi, na hakuwa na kitu kingine duniani. Hakuwa na mama, hakuwa na baba, alikuwa na hesabu tu. Kwa hiyo yule mwalimu alipomtazama siku moja na kumwambia, "Wewe nitakufikisha shule ya kati," dada alimshika kwa moyo wake wote. Na mimi nilimpenda mwalimu kwa sababu dada alimpenda, kisha nikampenda kwa sababu yangu mwenyewe.

Michezo yake ilikuwa rahisi. Nje ya darasa alichora miraba kwa majivu, kila mraba na namba yake. Yeye alitaja, "Sita mara saba," na wawili wetu waliruka kwa mguu mmoja kutoka pande mbili, wakigombea kufika kwanza kwenye mraba wa makumi, kisha wa mamoja. Aliyeshindwa alimbeba mshindi mgongoni mpaka kwenye mpera na kurudi. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu. Kutoka dirisha la pili tulisikia fito za mkondo wa mwalimu mkuu, na vilio, na sisi tuliruka tu. Hata hivyo tuliumizana, msinielewe vibaya. Tulisukumana, tulipigana viwiko, dada alimng'oa mvulana jino kwa goti katika saba mara tisa. Lakini hakuna aliyekwenda konani kuchagua kitu.

Tatizo likawa miguu.

Jioni ya kwanza baba alitukagua, akakuta ngozi tupu. Akasema labda ni mwanzo wa mwaka. Jioni iliyofuata vilevile. Ya tatu alifungua mkanda, akatupiga wote wawili, dada kwanza kwa kuwa mkubwa. Alipiga bila hasira, kwa bidii, kama anayetwanga. "Mnaenda wapi?" alikuwa anauliza kati ya pigo na pigo. "Nawaambia shule, ninyi mnaenda wapi?" Tulimwambia tunakwenda shule, mwalimu hachapi. Akatupiga kwa uongo huo pia. Mama alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

Habari ya panga ikamfikia. Asubuhi moja tukiwa kwenye miraba nilimwona anapanda mlima na mgolole wake begani na ufito mpya mkononi. Alisimama, akatazama watoto wa watu wanaruka kwa mguu mmoja kwenye majivu. Sitasahau uso wake. Alikuwa kama mtu aliyekuta ng'ombe wake kwenye mahindi yake mwenyewe.

"Kamwene, mzee," mwalimu alimsalimu kwa Kihehe chake cha kuokoteza.

Baba hakuitikia. "Mwalimu, mimi nilikuletea fimbo nzima. Wewe umefanya vipande vipande."

"Ndiyo, mzee. Wanahesabia."

"Wanachezea."

"Wanacheza, na wanahesabu. Muulize huyu lolote."

Baba hakuniuliza lolote. Alinishika mkono, akanipinda mbele ya darasa zima na kunichapa miguuni mpaka ufito ukapasuka. Nililia kwa kelele. Katikati ya machozi nilimwona mwalimu, mikono imening'inia, ameapa asiguse fimbo na kwa hiyo hakuweza hata kuipokonya. Baba alipomaliza alimwekea kile kipande mkononi. "Hivi ndivyo," akasema, kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgeni njia. Akashuka mlima.

Jumapili ile baada ya ibada wanaume walikutana nyuma ya nyumba yetu. Mchungaji alikataza ulanzi, ndiyo maana waliunywa nyuma. Mimi niliwapelekea kibuyu, nikasikia. Walikuwa wamechoka na kijana wa Mbeya. Mmoja alisema watoto wake wamekuwa na maringo, wanarudi wanaimba. Mwingine alisema Mzungu ametuma mtu kutuharibia watoto makusudi, ili wa mkondo wa pili peke yao wapite. Wakakubaliana kwamba mavuno yakiisha wataenda kwa mchungaji kuomba aondolewe.

"Au aanze kuchapa," baba akasema. "Akianza kuchapa, mimi sina neno naye."

Nilimweleza dada usiku huo huo chini ya blanketi. Hakulia. Alijivuta blanketi mabegani, akasema, "Basi atachapa."

Njia yetu ya kurudi ilipita bondeni, penye kichaka cha mianzi cha watu wote. Kesho yake dada aliwasimamisha wenzetu pale. Aliwaeleza kwa maneno machache: wazee wanataka mistari, mwalimu hawezi kuitoa, basi sisi tutaitoa. Hakuna aliyebisha. Tulikuwa watoto wa fimbo, tulijua kuikata na kuipitisha motoni. Ila hakuna mtu aliyekubali kunyoosha mguu achapwe bure. Mtu huchapwa kwa kosa. Tulibishana, mpaka mvulana yule asiye na jino akasema, "Basi tucheze."

Ndivyo mchezo wa mwalimu ulivyoshuka bondeni. Tulichora miraba kwenye vumbi. Mmoja alitaja hesabu, wawili waliruka, na aliyeshindwa hakumbeba mtu. Alishika mwanzi kwa mikono miwili na kunyoosha mguu nyuma, na mshindi akamchapa. Mwanzoni tulichapa kwa huruma. Lakini mstari wa huruma ulififia kabla ya kufika nyumbani, na waliohurumiwa ndio waliolala na mikanda. Tukajifunza kupiga. Tukajifunza kwamba ufito mbichi unavimbisha na mkavu unachana, kwamba ukivuta mkono mwishoni mstari unakaa mpaka kesho. Aliyechapwa leo alikwenda nyumbani akakariri jedwali lote ili kesho achape yeye. Alasiri zile za bondeni zilikuwa na kelele ya namba na kelele ya maumivu, na sidhani kama kuna chuo duniani kilichowahi kufundisha upesi hivyo.

Baba aliona mistari. "Ameanza," alimwambia mama. Akaketi kula kwa raha. Jumapili iliyofuata wanaume walikunywa ulanzi wao wakazungumzia mvua.

Mwalimu hakujua. Darasani alishangaa jinsi tulivyokuwa tunakimbia na namba. Aliandika usiku na mchana, akatuambia mwalimu wake wa chuo hataamini. Magauni yetu yalikuwa marefu, na wavulana walikuwa wakijipaka matope makavu. Tulimficha yeye kwa uangalifu kuliko tulivyowaficha wazazi. Angetusimamisha, na akitusimamisha wazee wangemwondoa.

Kwa dada mambo yakawa magumu upande mwingine. Yeye hakushindwa. Kila siku alichapa na hakuchapwa, na kila jioni mimi nilikaa kula huku yeye akibaki amesimama. Baba alimpiga kwa mkanda, upande wa chuma. Alimwambia amemdharau marehemu baba yake. Siku moja bondeni niliwekwa naye kwenye miraba, na mtaja hesabu akasema, "Saba mara nane."

Dada aliruka haraka kuliko mimi. Alifika kwanza, akasimama kwenye tano, kisha akanitazama usoni na kuruka tena kwenye tano.

"Hamsini na tano," akasema. Kila mtu alijua kwamba anajua. Akashika mwanzi, akanyoosha mguu. "Piga vizuri," akaniambia. "Usipopiga vizuri atanimalizia yeye."

Nikampiga vizuri. Nilimpenda kuliko watu wote, na nikampiga vizuri.

Tangu siku ile alikosea kila siku, leo saba mara nane, kesho tisa mara sita, kila mara kwa tofauti ya moja tu, kwa heshima ya hesabu. Na kila mara alinichagua mimi, maana mkono wangu ulikuwa umepata jina. Mistari ikapandana. Mmoja ulipasuka juu ya kifundo, ukapona juu, ukaoza ndani. Mama aliuosha kwa maji ya chumvi. Baba alipouona alitikisa kichwa kwa kuridhika kidogo na kusema mwalimu huyu sasa amezidisha, lakini bora azidishe kuliko apunguze.

Mwisho wa mwaka Mzungu alikuja kutoka Mbeya na Landrova iliyojaa vumbi. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, safi kuliko chetu. Wazazi waliitwa kutazama. Baba alikuja na mgolole uliofuliwa, akasimama mbele pamoja na wanaume wenzake.

Mkondo wa mwalimu mkuu ulipimwa kwanza. Walijibu kwa kutetemeka, wengine vizuri. Kisha ikawa zamu yetu. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba tuliwapita kama watu wanaopita mti. Mzungu alitaja, sisi tukajibu kabla hajafunga mdomo. Aligeuka akamtazama mwalimu wetu, na mwalimu akatazama chini kwa aibu ya furaha. Kisha akaomba aoneshwe mchezo wenyewe. Dada akaitwa kwenye majivu, kwa kuwa ndiye bora.

Aliruka vizuri. Makumi, mamoja, makumi, mamoja. Mruko wa mwisho alitua kwa mguu ule mbovu, na kidonda kikafunguka. Usaha na damu vikashuka kwenye majivu. Aliendelea kusimama kwenye mraba wake, kwenye jibu sahihi, kwa mguu mmoja.

Mzungu alichuchumaa. Alinusa kabla ya kuona. Akapandisha pindo la gauni kidogo, akaona mistari iliyopandana, mipya juu ya ya zamani.

"Nani amekupiga, mwanangu?"

Dada hakujibu. Nilimwelewa. Akisema ni sisi kwa sisi, baba yuko pale mbele anasikia, na mwalimu ataondolewa na wazee. Asiposema, ataondolewa na Mzungu. Alimtazama mwalimu wake, na mwalimu alikuwa anautazama mguu kama hajawahi kuona mguu.

"Nani?" Mzungu akarudia.

Mimi ndiye niliyejibu. "Tulipigana wenyewe. Bondeni. Tulikuwa tunacheza."

Mzungu alinitazama kwa huzuni kubwa, akageuka kwa mwalimu. "Umewafundisha kusema hivyo?"

"Bwana, mimi sijawahi," mwalimu akasema. "Sijawahi hata mara moja." Aliwageukia wazazi, labda kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kumgeukia. "Wazee, semeni. Ninyi mnanijua."

Na baba yangu akapiga hatua mbele. Nilijua anavyompenda mwalimu sasa, na nilijua atakachosema.

"Bwana Mkubwa," baba akasema, na akavua kofia. "Huyu mwalimu sisi tulimsema vibaya hapo mwanzo. Tulidhani anacheza na watoto wetu. Uongo. Anachapa. Anachapa sana, kuliko hata mwalimu mkuu. Mimi ni shahidi, nakagua kila siku." Akanivuta, akapandisha mwenyewe gauni langu, akanigeuza. "Tazama hii kazi."

Wanaume wengine hawakutaka kupitwa. Kila mmoja alimvuta wa kwake. Magauni yakapanda, kaptura zikakunjwa, matope yakafutwa kwa mate. Watoto wa darasa zima walisimama juani na migongo kwa Mzungu, vigimbi vimechorwa, na baba zao wanavipapasa kwa kiburi. "Na huyu. Na huyu, Bwana. Mwalimu mzuri sana, msimwondoe."

Mzungu alikusanya karatasi zake. Hakupaza sauti. Alimwambia mwalimu kwamba alama zetu hataziandika, na kwamba atamsubiri garini. Alisema kitu kingine kwa Kiingereza, na mwalimu akashika ukingo wa mlango.

Mwalimu aliingia darasani na sisi tukamfuata. Alifunga mlango. Alimuuliza dada, "Ni kweli? Bondeni?" Dada akamwambia yote, taratibu, ulanzi na mkanda na miraba. Nilidhani akijua kwamba tulifanya kwa ajili yake atalia au atatukumbatia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani alikuwa anampiga huyu?"

Nikasimama.

Kwenye kona kilikuwepo kile kipande cha ufito ambacho baba alimwekea mkononi siku ile. Hicho hakuwa amekikata. Alikichukua na kunifuata, na nilipoona uso wake nikageuka na kunyoosha mguu kwa mazoea. Hakupiga mguu. Alinipiga shingoni, sikioni, begani, popote, akilia kwa sauti kama mtoto, na pigo moja lilipasua sikio langu, damu ikaingia kolani. Hakujua kuchapa. Alishika fimbo katikati, kama anayeshika kalamu, na alijiumiza kiganja. Darasa zima lilikuwa linajua kuliko yeye. Mwishowe kipande kilivunjika, akakaa chini penye vijiti vya kuhesabia, akafunika uso kwa lile koti. Dada alikwenda akakaa kando yake na mguu wake unaotoka damu. Nje gari likapiga honi.

Jioni ile baba aliona sikio langu. "Huyu ndiye mwalimu," alisema. Alipoambiwa kwamba anaondoka, aliumia kweli. Alitoka alfajiri na kukata mianzi bora ya kichaka chake, akaipitisha motoni, akaifunga vizuri, akapanda nayo mlimani kumbembeleza abaki. Alikuta chumba kitupu. Akaiegemeza mlangoni kwa kutojua afanye nini nayo, na mwalimu mkuu akaipokea.

Fito zile zilikuwa ngumu. Darasa la nne tulirudishwa sote chini ya mwalimu mkuu. Dada alikaa dawati la mbele na hakujibu kitu. Si kwamba hakujua. Usiku chini ya blanketi nilimnong'oneza hesabu naye alinijibu zote. Lakini mchana mwalimu mkuu alimuuliza saba mara nane, na dada akasema hamsini na tano, akasimama kabla hajaambiwa, akaenda konani kuchomoa ufito wa baba yangu, akaupeleka kwa mikono miwili. Kila siku. Nadhani mwili wake ulikuwa umefundishwa hivyo na haukuweza tena kufundishwa vingine.

Kwenye mtihani alikosea kila jibu kwa tofauti ya moja. Mimi nilifaulu.

Majibu yalipokuja baba hakumpiga. Alimwita dada karibu na mafiga, akamwambia apandishe gauni. Miguu ilikuwa imejaa, mstari juu ya mstari, hapakuwa na mahali pa kuweka mwingine. Baba aliipitishia mkono polepole, juu mpaka chini. Alijiona amevunja ahadi kwa kaka yake, na hakujua kwa njia gani.

"Miguu hii imefundishwa," alisema. "Mbona imefundishwa."

Akaniita nilete kibatari, aangalie vizuri zaidi.